Dobi kwenye Kiti cha Sifa

Kwa Kiingereza mimi ni mwanamume mfupi, mwoga, mwenye shati lenye makunyanzi. Sisemi haya kwa kujidharau. Yaliandikwa ubaoni kwa chaki, darasa zima likayasoma kwa sauti, na mwalimu akayawekea alama ya vema moja baada ya nyingine.

Labda nianze na sababu iliyomfanya mtu wa umri wangu, dobi mwenye wateja wake na goti lake bovu, ajikunje kila Jumamosi alasiri kwenye dawati la watoto wadogo. Watu niliwaambia nasoma Kiingereza kwa ajili ya biashara. Niliwaambia dunia imebadilika, siku hizi hata kola ya shati imeandikwa maelezo ya kufua kwa Kiingereza, lazima twende na wakati. Nililisema hilo mara nyingi mpaka nikaanza kuliamini mwenyewe. Aliyekataa kuliamini hata kwa dakika moja ni binti yangu, ambaye ninaishi naye na ndiye anayepokea nguo mbele ya duka.

"Baba, hayo maelezo ya kola umeyasoma miaka yote kwa kuangalia picha," aliniambia. "Sema tu kwamba Mama Futi amejiandikisha."

Nikajitia hamnazo, nikaongeza maji kwenye pasi.

Mama Futi ni fundi cherehani. Duka lake liko milango miwili kutoka langu, tumetenganishwa na muuza rangi za nyumba. Jina hilo alipewa kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni. Anakwenda nayo benki, anakwenda nayo hospitali, nadhani hata usingizini inamlinda. Alifiwa na mume kabla mimi sijafiwa na mke wangu, na kwa muda wote huo tumekuwa watu wa habari za asubuhi na habari za jioni. Nguo anazoshona anazipiga pasi mwenyewe, kwa hiyo hata kisingizio cha kazi sikuwa nacho.

Nilikuwa nampenda. Nalisema bila kuzunguka kwa sababu mzunguko nimeshaufanya wa kutosha. Nilipenda anavyomtazama mtu kuanzia begani kushuka chini, taratibu, kana kwamba anaamua aanzie wapi kukata kitambaa. Nilipenda anavyoongea na pini mdomoni na bado unamwelewa. Kila asubuhi nilijiambia leo nitapiga moyo konde nimwambie, na kila asubuhi nilimwambia kwamba naona mvua itanyesha.

Basi akajiandikisha darasani, nami nikajiandikisha.

Mwalimu wetu ni msichana wa rika la binti yangu, mwenye sauti ndogo na msimamo usiopinda. Alipofika kwenye somo la sifa alituambia hatutakariri orodha. Akachukua kiti cha mwalimu, akakiweka mbele ya ubao, akakiita Kiti cha Sifa. Kila Jumamosi mwanafunzi mmoja atakaa pale, na vitu vyake ataviweka kwenye meza iliyo pembeni. Sisi wengine tutasimama mmoja mmoja tumweleze yeye na vitu vyake kwa Kiingereza. Ruhusa kukaribia, ruhusa kushika vitu, marufuku Kiswahili.

Kisha akatoa sharti lake. Kila sentensi ikishasemwa, angemgeukia aliyekaa kitini na kumuuliza, "True?" Yaani ni kweli? Ikiwa kweli, vema. Ikiwa si kweli, hata uwe umeitamka kama mtangazaji wa redio, ungewekewa alama ya kosa.

"Sifa ya uongo ni kosa la lugha," alisema.

Wa kwanza kukaa alikuwa Mkandarasi, mtu anayejenga nyumba za watu na kuzijua habari za watu. Yeye hakuhitaji kuhangaika. Aliweka mezani funguo za gari, simu mbili na kofia ngumu ya kazini, akakaa mguu juu ya mguu. Darasa likamvika kilemba cha ukoka, sentensi baada ya sentensi. "Rich," tajiri. "Strong," mwenye nguvu. "Generous," mkarimu, huyo aliyesema hivyo anadaiwa pesa na Mkandarasi. Kila alipoulizwa kama ni kweli alijibu "True" kabla swali halijaisha.

Ikafika zamu ya Mama Futi. Akamtazama kuanzia begani kushuka chini, taratibu.

"He is tall," akasema. Ni mrefu. Akakaa.

Neno moja tu, wenzangu, lakini mimi nilikwenda nalo nyumbani. Nilikula nalo. Kwa nini mrefu? Mwanamke anamtazama mwanamume kwa makini kiasi kile halafu aseme ni mrefu, ana maana gani? Nilijipima mlangoni jikoni, binti yangu akiwa ameshika kisu cha vitunguu ananitazama. Nilikuwa mfupi kama jana yake.

Na Jumamosi iliyofuata kiti kilikuwa changu.

Nikapanga mambo. Darasa litanisifu, sifa zitaniingia mwilini, na nikiwa bado na joto hilo nitatembea na Mama Futi mpaka njia panda na kumwambia yote. Bila sifa nisingeweza, nilijijua. Kilichobaki ni kupata vitu vya kusifiwa. Nikazunguka nyumba nzima kutafuta mali zangu. Nilipata redio isiyo na antena, mwavuli wenye mbavu tatu, na picha ya harusi ambayo haifai kupelekwa kwa shughuli kama hiyo. Pasi yangu ni nzuri, lakini nani atamwita mtu tajiri kwa sababu ya pasi?

Nikainua macho. Pale dukani, kwenye waya wa nguo zilizokamilika, ilikuwa inaning'inia suti ya wakili.

Huyo wakili ni mteja wa siku nyingi, mrefu, mwembamba wa nyonga, na suti zake ni za kushonesha. Ile ilikuwa ya rangi ya bluu iliyokolea, kitambaa kizito kinachoanguka vizuri. Angekuja kuichukua Jumatatu. Nilikuwa nimeisafisha kwa mikono yangu, nimeinyoosha kwa mikono yangu, na nilijiambia kwamba mtu aliyeifanyia suti hiyo mema mengi kiasi kile ana haki nayo ndogo. Saa moja tu. Suti yenyewe isingejua.

"Na wakili akiijia mapema?" binti yangu akauliza.

"Alisema Jumatatu."

"Na ikichafuka?"

"Unazungumza na dobi, mwanangu."

"Ndiyo maana naogopa," akasema.

Suruali ilinikataa kiunoni, tukaachana kwa amani. Koti lilinikubali kwa masharti. Mikono yake ilinifikia kwenye ncha za vidole, kwa hiyo niliikunja kwa ndani na kuishikiza na uzi, mishono mikubwa mikubwa, nikiona nafanya kazi ya maana. Halafu nikafanya jambo jingine ambalo wakati huo nililiona la kitaalamu.

Sisi madobi tuna kawaida ya kutia alama kwenye nguo za wateja ili zisichanganyike. Mwingine huandika kwa wino usiofutika, mwingine hutia uzi wa rangi sehemu iliyojificha. Mimi hutia uzi wa kijani kwenye pindo la chini. Sasa, ndani ya kola ya koti lile palikuwa na uzi mwekundu, mshono mdogo sana, kama punje ya mchele. Nilikuwa nimeshauona kwenye nguo nyingi kwa miaka mingi, na sikuzote zilikuwa nguo nzuri. Niliamini kuna dobi mwingine mahali fulani anayepokea nguo za watu wazito wazito kabla hazijanifikia mimi, na kuziwekea alama yake ya jeuri. Kila nilipouona uzi huo niliukata. Wivu wa kazi, sina jina jingine la kuupa. Siku hiyo pia niliukata, nikaupuliza uanguke sakafuni, nikajisikia vizuri.

Ndani ya koti nilivaa shati langu jeupe. Ni la kwangu hasa, nililinunua mwenyewe. Nikalipiga pasi kola, nikalipiga pasi kifua, kile kipande kinachoonekana koti likifungwa. Mgongo na mikono niliviacha kama vilivyotoka kwenye kamba. Dobi hupiga pasi nguo za watu siku nzima, ikifika zamu ya yake mkono umechoka na makaa ya bidii yamezimika. Koti lingefunika.

Kwa muuza rangi niliazima saa ya mkononi, kubwa, ya kung'aa, iliyokufa. Nikachukua simu ya binti yangu. Na kwa kuwa sikuwa na funguo za gari, nilikusanya funguo za makufuli yote niliyowahi kumiliki, pamoja na za makufuli yaliyopotea, nikazitia kwenye pete moja. Zilikuwa nzito. Ukizitupa mezani zilitoa mlio wa mtu mwenye majengo.

Nilizitupa mezani. Darasa likatulia.

Nikakaa kwenye Kiti cha Sifa, mguu juu ya mguu kama nilivyomwona Mkandarasi, ila mguu wangu ukateleza nikauacha chini. Mlinzi wa benki akasimama wa kwanza. Kazi yake ni kuangalia matajiri wakiingia na kutoka, kwa hiyo neno lake lina uzito.

"He is rich," akasema.

"True?" mwalimu akaniuliza.

Kwa Kiswahili uongo huniwasha ulimi. Binti yangu anasema masikio yangu huwa yanasogea. Lakini kwa Kiingereza ulipita laini, kwa sababu hata ukweli wenyewe sikuwa nimewahi kuusema kwa lugha hiyo.

"True," nikajibu.

Chaki ikaandika, vema. Muuza maziwa akasema saa yangu ni "expensive," ya bei kubwa. True. Mwingine akasema mimi ni "smart," mtanashati. True, tena kwa sauti. Mkandarasi akainuka, akatazama lile rundo la funguo, akasema nina nyumba nyingi. Mwalimu akamkumbusha leo ni sifa, atie sifa. Akasema basi nyumba ni kubwa. Nikameza mate, nikasema true. Wakati huo nilikuwa nimevimba kichwa kiasi kwamba sikushtuka mwalimu aliponiuliza saa ngapi, kwa Kiingereza, kwa upole tu wa kutufundisha. Nikaitazama ile saa kwa madaha, nikamjibu ni saa sita kamili. Jua la alasiri lilikuwa linaingia dirishani mpaka kwenye viatu vyangu. Mtu akakohoa.

Kisha Mama Futi akasimama.

Yeye hakubaki kwenye dawati lake kama wengine. Alikuja mpaka kwenye kiti, futi shingoni, akanizunguka. Alinusa sabuni yangu, nina hakika, maana mimi nilinusa mafuta ya cherehani. Akainua ukingo wa kola kwa kidole kimoja, akachungulia ndani, akakaa hivyo kidogo. Kisha akaushika mkono wa koti, akaugeuza, akaitazama mishono yangu mikubwa mikubwa. Akaurudisha mahali pake kama mtu anayemfunika mgonjwa. Akarudi kwenye nafasi yake.

"The coat is good," akasema. Koti ni zuri.

Mwalimu akanigeukia, lakini Mama Futi hakunisubiri. "True," akajijibu mwenyewe. "Very good."

Moyo ukaanza kunienda mbio. Nilidhani ni mapenzi.

"The coat is long," akaendelea. "The man is short."

Koti refu, mtu mfupi. Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, nani angenizuia, nikasema true kabla sijaulizwa, nione kama nitaokoa chochote.

"Sifa nyingine ya mtu mwenyewe?" mwalimu akamuuliza kwa Kiingereza. "Vitu vyake tumeshavisema."

Mama Futi akanitazama kuanzia begani kama kawaida yake, lakini safari hii hakushuka. Alipanda, akafika usoni, akabaki hapo. Alikuwa anatafuta neno, na nilimwona alipolipata.

"He is afraid," akasema. Anaogopa.

"True?" mwalimu akaniuliza.

Wenzangu, hakuna swali nililowahi kuulizwa, polisi wala kanisani wala msikitini wala kwa daktari, lililonibana namna ile. Ningesema hapana, ningetoka na sifa zangu zote ubaoni, tajiri, mtanashati, mwenye nyumba kubwa, na mwanamke pekee aliyenitazama vizuri angewekewa alama ya kosa kwa kusema kweli. Jasho lilikuwa linanitoka ndani ya koti la wakili, kitambaa ambacho jasho lake halitoki kirahisi, na hilo nalo nililiwaza, maana kazi ni kazi.

"True," nikasema.

Mwalimu akaweka vema. Nami kwa kuwa nilikuwa nimeshajipalia makaa, nikaona niyamwage yote. Nikasimama. Nikasema kwa Kiingereza changu kwamba koti si langu. Saa si yangu, tena imekufa. Simu ya binti yangu. Funguo zangu, ndiyo, lakini hazifungui kitu. Kila nilichosema mwalimu alikifuta ubaoni kwa kifutio, mpaka vumbi la chaki likamwingia puani.

Halafu nikavua koti, kwa heshima, nikalilaza mezani. Nikawageuzia mgongo.

Kisha mlinzi wa benki akapiga dawati kwa kiganja.

"Dobi!" akapiga kelele, kwa Kiswahili, sheria ikiwa imekwisha kazi. "Dobi huyu hana pasi!"

Lile shati langu lilikuwa limejikunja kutoka bega hadi bega, mikono yote miwili, huku kola na kifua vikiwa vimenyooka kama siku ya harusi. Mkandarasi alicheka akashika ukuta. Muuza maziwa alilia. Mama Futi naye alicheka mpaka akavua miwani akaifuta kwa ncha ya futi. Mwalimu alijikaza, akaona hapa kuna somo, akaandika ubaoni "wrinkled," akatueleza kuwa ni sifa ya kitu chenye makunyanzi, na darasa likalitamka lote kwa pamoja, likiangalia mgongo wangu. Naamini hakuna atakayelisahau neno hilo mpaka kufa.

"True?" mwalimu akaniuliza.

Nikasema true.

Darasa lilipokwisha nililikunja koti, nikatoka wa kwanza, nikitaka kufika nyumbani kabla ya habari. Nilikuwa nimefika kwenye ngazi za baraza ya shule niliposikia naitwa.

"Dobi. Lete hilo koti."

Mama Futi alikaa kwenye ngazi, akalipokea, akatoa mkasi mdogo mfukoni. Akaanza kufumua mishono yangu ya mikono, mmoja mmoja, akiziweka nyuzi kwenye kiganja ili zisianguke chini. Nilisimama mbele yake na shati langu.

"Hili nililishona mimi," akasema. "Wakili ana bega la kushoto lililoshuka. Nililijaza kidogo. Umeingia tu mlangoni nikaliona bega la wakili limekuja darasani bila wakili."

"Samahani, mama."

"Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe. Uzi wangu uko wapi?"

"Uzi gani?"

"Mwekundu. Ndani ya kola. Kila nguo ninayoishona natia uzi pale, mmoja tu. Mteja haujui. Ni wa kwangu."

Hapo ndipo nilipoona kilichomtoa kanga manyoya. Nikamweleza. Nilimweleza kuhusu alama za madobi, na dobi wa watu wazito niliyemtunga kichwani, na wivu, na kwamba nimekuwa nikiukata uzi wake miaka yote. Nilivyoendelea kueleza ndivyo nilivyozidi kusikika mjinga, hata kwangu mwenyewe.

Mkasi ukasimama. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Watu wananirudishia makoti niwapunguzie, natazama kola, hamna kitu. Nimemshuku kila fundi wa mji huu. Nimekosana na mmoja mpaka leo hatusalimiani!" Akanitazama. "Ni wewe, na pasi yako!"

Basi nikasema lile lililokuwa limebaki moyoni. Nilimwambia nilitaka siku moja tu anione na kitu cha kumfanya atamke neno zuri juu yangu kama alivyotamka juu ya Mkandarasi.

"Mkandarasi nilimwambia nini?"

"Kwamba ni mrefu."

"Si ni mrefu? Mimi simjui yule. Kilichokuwa kweli ni urefu tu."

"Mama, mimi nakupenda," nikasema. "Nataka tuzeeke pamoja, kama utakubali. Nimekuambia habari za mvua muda mrefu sana."

Akafumua mshono wa mwisho. Akaunyoosha mkono wa koti juu ya goti lake, akaupapasa kwa kiganja, akanikabidhi.

"Hayo umeyasema ukiwa na koti la mtu mkononi," akasema. "Lirudishe kwanza. Jumamosi ijayo kiti ni changu."

Akainuka, akaenda zake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na mimi niliyezoea kuwapigia watu pasi nikabaki nimenyooshwa pale kwenye ngazi.

Koti nililisafisha upya, nikampelekea wakili ofisini kwake na kumwambia nililivaa. Alikasirika. Aliniambia maneno mawili matatu ya kisheria na kwamba atatafuta dobi mwingine, nikamjibu ana haki. Binti yangu aliposikia alisema nimeanza kupona.

Wiki nzima nilisoma sifa. Niliandika kwa chaki kwenye ubao wa kupigia pasi, nikazifuta kwa mvuke, nikaandika nyingine. Nilikuwa natafuta neno moja la kweli la kumwambia Mama Futi mbele za watu. "Beautiful," mrembo, ni kweli, lakini hilo Mkandarasi angelisema kabla yangu. "Clever," ana akili, kweli tena, lakini ni kama kumsifu mkasi kwamba unakata. Binti yangu alinishikia kamusi jioni zote, mwishoni akasema niache, neno likija litakuja.

Jumamosi nilivaa shati langu, nimelipiga pasi lote, mpaka ndani ya mifuko.

Mama Futi akaketi kwenye Kiti cha Sifa akiwa amenyooka. Mezani aliweka mkasi wake mkubwa, mkebe wa pini, miwani ya akiba, na koti. Lilikuwa koti la kijivu ambalo halijakwisha. Nyuzi nyeupe za kushikizia zilikuwa bado zinaonekana, vifungo havijatiwa, na mkono mmoja ulikuwa umeshikwa kwa pini.

Watu wakaanza. Mkasi ni mkubwa, vema. Yeye ni mchapakazi, vema. Mkandarasi akasema mrembo, kama nilivyojua, na Mama Futi akasema true bila haya. Kisha wakaliona koti. Muuza maziwa akalinyanyua, akasema ni "short." Fupi, vema. Mwingine akasema ni "wide," pana, akionyesha mahali pa tumbo.

"Ni la mtoto?" Mkandarasi akauliza.

"Mtoto mnene," akasema mlinzi wa benki, na wote wakacheka.

Mwalimu hakucheka. Alimkumbusha Mama Futi sharti, kwamba mezani panawekwa mali ya mtu mwenyewe tu. Akamuuliza kwa Kiingereza kama koti hilo ni lake.

"No," akajibu Mama Futi. "Not my coat." Akaniangalia mimi.

Zamu yangu ilikuwa imefika. Nikatoka kwenye dawati, goti langu likilalamika, nikaenda mpaka mezani. Hajawahi kunipima. Hata siku moja futi yake haijanigusa. Nililitazama bega la lile koti nikaliona ni langu, la mtu aliyeinamia meza ya pasi miaka mingi, la kulia limeshuka kidogo, naye amelijaza pamba kidogo. Nikainua ukingo wa kola kwa kidole. Ndani palikuwa na uzi mwekundu, mdogo kama punje ya mchele.

Kiingereza chote kikanitoka. Sifa zote za wiki nzima, za kwenye ubao wa pasi na za kwenye kamusi, hakuna hata moja iliyobaki. Darasa lilikuwa linanisubiri.

"I am happy," nikasema. Nina furaha.

Mwalimu akatikisa kichwa. Akanieleza kwa upole kwamba zoezi lilikuwa kumweleza yeye, si kujieleza mimi, na akaandika sentensi yangu ubaoni na kuiwekea alama ya kosa, kubwa, ya chaki nyekundu. Sikubisha. Nilisimama pale na kosa langu, nikitabasamu meno yote nje.

"Njoo ulivae, nione mikono," akasema Mama Futi kwa Kiswahili, marufuku au si marufuku, akichomoa pini kwenye mkebe. "Na huo uzi, Dobi, usiukate."